Ku nyumba ya Mwami, Nyanza: tulitembea na miguu masaa tatu, na kesho ningerudia

Nianze na ngombe, juu tangu turudie Bukavu, kwetu Kongo, na ni wiki tatu sasa, mama mukwe wangu hana habari ingine. Jirani akiingia kusalimia, ni ngombe. Akiita ndugu yake wa Walungu ku telefone, ni ngombe. Na huyu mama si mutu wa kushangaa ngombe bure, alikomalia ku Ngweshe, baba yake alikuwaka nazo, alianza kukamua tangu eko katoto. Lakini zile inyambo za Nyanza zilimusimamisha njiani. Alikuwa amechoka, anaegemea fimbo yake, anauliza kama hakuna kiti pembeni, kiisha ile ya kwanza ikageuza kichwa pole pole na pembe zake zenye zinapanda juu sawa mikono ya mutu mwenye anaomba Mungu, mama akasahau kiti, na fimbo akaiachia mutoto.

Lakini ngoja nifuate safari vile ilikuwa, juu kuko benye batataka kwenda na naona ni muzuri bajue mbele.

Nyanza iko Rwanda, mukoa wa Kusini, kama kilometa 90 kutoka Kigali. Kule ku Rukari njo kuko muze (makumbusho) ya nyumba ya Mwami, ni kusema mufalme, na ile muze si ya kukaa unaangalia bitu mu kioo, ni ya kutembea: unazunguka lupango na gidi (mwenye anaongoza wageni), unaingia nyumba, unatoka, unapita jardini, unaenda kwa ngombe. Siye tulikuwa batano, miye, bibi yangu (muke wangu), batoto babili na mama mukwe. Tulivuka ku mupaka wa Ruzizi ya kwanza asubui mapema, na kama hamujue, musibebe mikate yenu mu sashe za plastiki, Rwanda ilizikataza tangu 2008, bebeni kitunga ao mufuko wa kitambaa musianze kuhangaika na byakula mu mikono pale ku bariere. Kutoka Kamembe, muji wa Rwanda ng'ambo tu ya Bukavu, basi inapanda mu mashamba ya chai ya Gisakura, kiisha inaingia pori ya Nyungwe na hapo msiache batoto balale. Miti inashika njia pande zote mbili, baridi inaingia mu madirisha, tumbili zimekaa pembeni ya lami sawa batu banangoja basi. Ile pori UNESCO iliiandika mu urithi wa dunia mu 2023, na kule juu ya milima yake njo maji inagawanyikaka, ingine inashuka mu Kongo, ingine inakwenda mu Nile. Mukubwa wetu wa miaka 11 alikuwa amesoma ile mu jeografia, akaweka uso ku kioo tangu pori ianze mpaka iishe, akasema "papa, hii mvua ya upande huu ni ya kwetu".

Kitu moja kilinikasirisha ku njia na nitakisema. Ajansi moja ya basi ilituuzia tike ikisema itatufikisha Nyanza mu muji, kumbe shofere akatushusha ku njia kubwa pa makutano, akasema "ni hapa", akaenda, jua kali, na miye niko na mama wa miaka 74. Kutoka pale mpaka mu muji ni kama kilometa mbili. Pikipiki ziko, lakini kule pikipiki inabebaka mutu moja tu na kaske ku kichwa, si sawa huku kwetu kwenye jamaa nzima inapanda, na mama alikataa kabisa kupanda yake peke. Tukangoja taksi. Kwa hiyo, kama muko na muzee, muulize shofere mwenyewe wapi atawashusha, musiulize mutu wa guishe, yeye anataka kuuza tu.

Sasa Rukari.

Gidi alikuwa kijana moja mupole, alianza na Kifaransa, mama akamukata: "mwanangu, miye Kifaransa ilinipitaka, tuongeleshe Kiswahili." Akacheka, akasema yake ni ya Rwanda, itachanganyika. Mama akasema na ya kwake imechanganyika tangu zamani. Na hivyo njo tulienda, Kiswahili na maneno ya Kinyarwanda katikati, na mara mingi mama alikuwa anashika neno mbele yetu juu Mashi, luga yetu ya Bushi, na Kinyarwanda biko bandugu. Gidi alikuwa anamwita "mukecuru" kwa heshima, vile banaitaka mama muzee kule, anamungojea ku kila ngazi, hakutukimbiza ata kidogo. Naandika hii juu ziara ya namna hii ni gidi. Nyumba haiongei.

Unaanzia inje, pale mbele ya lupango, mahali penye baliitaka Karubanda, njo batu benye bako na shauri ao zawadi ya Mwami balikuwa banangoja. Gidi alitusimamisha pale kabisa, akatuambia tungoje nasi kidogo mbele ya kuingia. Batoto baliona ni muchezo, miye nilipenda ile. Unasimama, unaangalia lile paa kubwa linatokea juu ya ua, na unasikia kidogo vile mutu wa zamani alikuwa anasikia, alitembea siku tatu ine na miguu na hajue kama leo batamwita.

Ile nyumba ya majani njo nitaipatia 20 kwa 20, sitatoa ata nukta moja. Si ile ya kwanza yenyewe, balijenga upya kwa ufundi wa zamani, na gidi alisema ile wazi, hakutudanganya. Bami ba Rwanda zamani balikuwa banahama hama, leo kilima hii kesho ile, na ukikuta mahali miti kubwa ya mivumu imejipanga, batu watakuambia hapa kulikuwaka nyumba ya Mwami. Ni Yuhi V Musinga njo aliweka makao Nyanza mu 1899, ikabakia. Nyumba yenyewe iko mviringo, sawa kitunga kikubwa chenye bamepindua, majani imeshuka kutoka kichwa mpaka karibu ya udongo, na mlango uko chini ya kivuli cha lile paa, ni lazima uiname. Mukubwa wetu aliuliza juu ya nini Mwami alikuwa anainama mu nyumba yake mwenyewe. Gidi akamujibu: kila mutu aliinama, na nyumba ilikaa na joto.

Ndani giza inakushika kwanza. Unasimama, macho inazoea, kiisha bitu binaanza kutoka kimoja kimoja: nguzo, mahali pa moto pa kati, kitanda cha Mwami, ni kikubwa mno, halafu zile kuta za kusuka zenye banaita insika zenye zinagawanya nyumba. Harufu ya majani kavu na ya moshi wa zamani. Gidi alitueleza moshi haukuwa tu wa kupika ao wa joto, moshi njo unalinda paa, unafukuza wadudu, unakausha majani, nyumba ya majani yenye haiwake moto ndani inaozaka haraka. Na kwa ule ufundi hakuna musumari, ni kufunga na kusuka, kufunga na kusuka, mpaka juu.

Mama alikuwa amesogea ku insika. Hakugusa kwanza, aliuliza kama anaweza, gidi akamuruhusu kidole moja tu. Akapitisha kile kidole pole pole ku mustari mweusi, unashuka, unavunjika, unapanda tena sawa meno ya musumeno, na akaanza kuhesabu chini chini kwa Mashi. Alihesabu mpaka mustari ukarudi mwanzo. Akasema "hapa musukaji alikosea moja, akairekebisha hapa." Gidi alikuja na tochi ya telefone, akaangalia, akaangalia tena, na ni kweli! Kulikuwa mahali pamoja penye unyasi mweusi umepita mara mbili. Akasema ile nyumba ameingia siku mingi sana, hajawahi kuiona. Miye mwenyewe nisingeona ata ningelala mule mwezi muzima. Mama alisukaka mikeka na bitunga miaka mingi, anaona mikono ya mutu mu kazi yake vile siye tunaona uso.

Nyuma ya nyumba kubwa kuko mbili ndogo, moja ya maziwa, moja ya pombe. Ya maziwa mulinzi alikuwa musichana mwenye hajaolewa, ya pombe kijana mwenye hajaoa, na kila moja na sheria zake. Ndani mule mu ya maziwa biko bibuyu na byombo bya mbao, na bifuniko bya kusuka birefu sawa kofia. Hapa mama njo alikuwa gidi. Alieleza batoto vile bananawisha kibuyu, vile banatikisa maziwa mpaka siagi ijitenge, vile chombo cha maziwa hawakiweke chini ovyo, na kile kijana wa muze alisimama pembeni anasikiliza kwa adabu, anaongeza tu majina ya Kinyarwanda. Mudogo wetu aliuliza kama mashanza (maziwa ya kuganda) inatokea humu. Tulicheka, lakini ni swali nzuri, na mama alimujibu kabisa mpaka mwisho. Ku nyumba ya pombe hatukukawia, ni pombe ya ndizi, na mutu wa Bukavu hahitaji ziara ya kueleza kasiksi.

Sasa ngombe zenyewe.

Inyambo zilikuwa ngombe za Mwami, za heshima, si za kuchinja ovyo. Siku za sherehe banazivalisha shanga ku kichwa, zinafundishwa kutembea na mwendo, na muchungaji anaziimbia, zile nyimbo banaita amahamba, na kila moja eko na jina na mashairi yake ya sifa. Ukisoma hivi unaweza fikiri ni kitu cha batalii. Ukisimama pale ni kitu ingine. Ile yenye ilitukaribia ilikuwa nyekundu ya udongo, ngozi inangaa juu muchungaji alikuwa ametoka kuipangusa na kafungu ka majani, na pembe ku shina lake nene sawa paja ya mutoto, ina mapete mapete pale inatokea ku kichwa, kiisha inakuwa laini, inakuwa nyeupe, mpaka ncha nyeusi juu kule mbali. Nzi moja ilikuwa ku jicho. Ngombe haikutikisa kichwa, ilifunga tu ule mukope wake murefu, pole, ikafungua. Mutu anabeba mzigo wa namna ile ku kichwa anajifunza kutotikisika.

Muchungaji akaanza kuimba. Sauti si kubwa, ni sawa mutu anaongea na mutoto usiku. Ngombe zikaanza kumufuata, moja nyuma ya ingine, hakuna fimbo, hakuna kelele. Alipomaliza kulikuwa kimya, na mu ile kimya mama mukwe wangu akaimba ya kwake. Kwa Mashi. Mufupi, maneno chache, ile yenye alikuwa anaimbia ngombe za baba yake mangaribi zikirudi. Miaka 17 niko mu ile jamaa sijawahi kuisikia. Bibi yangu, mutoto wake wa kuzaa, naye hakuwahi. Ile ngombe nyekundu ikageuza sikio. Muchungaji akamushika mama mikono yote mbili na bakaongea, sikuelewa yote, lakini nilisikia bugabire, na yeye anajibu ubuhake, na bote banatikisa kichwa. Ni ule mupango wa zamani, mukubwa anakupa ngombe na wewe unabakia unamutumikia, kwetu Bushi iko na jina yake, kule na ya kwao. Kule Rwanda, Mwami Rudahigwa njo aliuondoa mu 1954. Mama alisema baba yake ngombe yake ya kwanza aliipata kwa ile njia, na aliilipa miaka mingi.

Bibi yangu alikuwa amegeuka anaangalia miti. Nilimuachia.

Kutoka pale unapita jardini kwenda ku nyumba ya kizungu. Gazo imekatwa fupi, maua pembeni ya njia, miti mikubwa ya kivuli, na kilima inashuka mbele yako mpaka unaona bilima bingine bya Nyanza. Ni mahali pa kukaa. Siye tulikaa kama nusu saa, tukakula mikate na mayai yetu inje ya lupango kwanza kiisha tukarudi, na nitaambia kila mutu afanye vile, usitoke kwa ngombe ukaingia moja kwa moja mu historia ya Wabelgiji, kichwa itakataa. Pale ku jardini njo unaelewa vile ile kilima ilipangwa: nyumba ya majani na nyumba ya matofali zinaangaliana, na katikati ni dakika chache za kutembea. Nyumba ya baba na nyumba ya mutoto.

Ile ya matofali balimujengea Mutara III Rudahigwa mu 1932. Kama jengo, miye haikunishika sana, ni nyumba nzuri ya wakati wa ukoloni, na siye ba Bukavu nyumba za wakati ule tunazo pembeni ya ziwa, Muhumba na Nyawera tunapita mbele yake kila siku. Lakini kile gidi aliongea mule ndani, mbele ya mafoto ya bami, kilitunyamazisha bote, na hapa naomba bandugu ba Bukavu musome vizuri, juu hii historia inatugusa siye kabisa na hakuna mwenye alinifundishaka ile ku masomo.

Bami ba Rwanda balikuwa banachukua majina kwa zamu, Mutara, Kigeli, Mibambwe, Yuhi, na kila jina na kazi yake. Mwenye jina ya Yuhi alikuwa Mwami wa moto, na mwiko yake moja ni kutovuka muto Nyabarongo. Musinga alikuwa Yuhi. Wabelgiji bakamuchoka, alikataa ubatizo, alikataa mambo yao mingi, na mu mwezi wa 11 mwaka 1931 bakamutosha ku kiti, mutoto wake Rudahigwa akawekwa kisha siku chache tu. Na Musinga bakamupeleka wapi? Kamembe. Ile Kamembe yetu ya ng'ambo, kwenye tunaendaka kununua sukari! Pale njo alikaa uhamishoni, na mutoto wake mwingine, mwenye alikuja kuwa Kigeli V, alizaliwa pale pale Kamembe mu 1936. Kiisha bakamuvusha kabisa Kongo, bakamupeleka mbali, Moba, ku ziwa Tanganyika, na alifia kule mu 1944.

Mama aliuliza mara mbili. "Kamembe hii?" Gidi: "Ndiyo, mukecuru, hii." Akakaa ku benchi. Akasema: "Basi alikuwa anaona taa za Bukavu." Wakati ule Bukavu ilikuwa inaitwa Costermansville, na taa sijui kama zilikuwa mingi, lakini nilielewa kile alikuwa anaona mu kichwa: muzee moja bamemunyanganya nchi, amekaa ku kilima, chini yake ni Ruzizi, na ng'ambo ya Ruzizi ni kwetu. Nimevuka ile daraja tangu utoto, kwa soko, kwa marafiki, kwa matibabu, na sikuwahi kujua. Siasa ya leo kati ya hizi nchi mbili nitaiacha pembeni, kila mutu eko na kidonda chake na miye niko na cha kwangu. Lakini mule mu ile nyumba nilisikia haya kidogo kwa vile najua majina ya wafalme ba Ufaransa kuliko jina ya Mwami mwenye aliishi ng'ambo ya muto wetu.

Ya Rudahigwa nayo ni ndefu. Alikuwa mutu murefu sana, zaidi ya metre mbili, mu mafoto bazungu banamufika ku bega. Alibatizwa mu 1943, na parene wake (baba wa ubatizo) alikuwa Pierre Ryckmans, gavana mukubwa wa Kongo ya Wabelgiji, na mu 1946 Rudahigwa akaweka nchi yake mu mikono ya Kristu Mufalme. Balimujengea nyumba ingine kubwa zaidi ku kilima ya Rwesero, lakini hakuhamia, alikufa kwa gafula Bujumbura, siku ya 25 mwezi wa 7, 1959. Gidi alituonyesha Rwesero kwa kidole tu. Ukipata siku nzima, ongeza Rwesero. Siye hatukuwa na nguvu.

Nguvu kidogo yenye ilibakia tuliiweka ku Mwima, na ninafurahi. Ni kilima ingine karibu, njo kuko makaburi: Rudahigwa, bibi yake Rosalie Gicanda, na Kigeli V mwenye alikufa Marekani mu 2016, bakamuzika pale mu mwezi wa kwanza 2017, kisha miaka zaidi ya 50 mbali na nchi yake. Gicanda njo aliishi na Rudahigwa mu ile nyumba ya matofali. Alibakia mujane, akakaa Butare (leo Huye), na mu mwezi wa ine 1994 bakamuua, mama muzee. Pale hakuna mengi ya kuangalia. Upepo, miti, makaburi matatu. Mama alitoa rozari yake, akasali fungu moja kwa Gicanda, akasema alikuwa mukwe wa watu sawa yeye.

Sasa mambo ya kawaida, haraka. Kutoka geti mpaka mwisho wa Rukari tulimaliza masaa tatu, na kuko batu watakuambia saa moja inatosha. Saa moja ni ya kupiga foto na kutoka. Njia nyingi ni ya udongo na majani, valia viatu vya chini, dada moja pale alikuwa na vya visigino na aliteseka kabisa. Mwavuli ni ya lazima, jua ao mvua, kama si moja ni ingine. Uliza gidi mbele ya kupiga foto ndani ya nyumba yoyote, na mbele ya kusogelea ngombe na mutoto mudogo, pembe haina ubaya lakini ikigeuka inageuka na urefu wake yote. Bei ya tike haiko moja kwa batu bote, inategemea unatoka wapi, kwa hiyo beba kitambulisho yako na uulize ku mapokezi mbele ya kutoa makuta. Na mulale kule ao Huye usiku moja, kwenda na kurudia Bukavu siku moja ni kujiumiza bure, siye tulilala na asubui tukapanda basi tukiwa na mwili mupya.

Na bakikuuliza unataka kuanzia wapi, omba ngombe zikuwe katikati vile siye tulifanya, kisha nyumba ya majani, mbele ya nyumba ya matofali. Ukiziona mwanzo hutasikiliza tena kitu kingine, na ukiziacha mwisho batoto watakuwa bamechoka.

Mama aliletaka kakifuniko kamoja ka kusuka, kale ka sawa kofia, kako juu ya frigo yetu sasa, na kila mutu akikauliza, tunaanza tena. Amesema mwezi wa munane anarudia, na safari hii anataka tushuke Kamembe kwanza, tusipande basi mbio, juu kuko mahali anataka kwenda kusimama saa za mangaribi aangalie upande wa kwetu.